Kukaa kimya, kukaa peke yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutafakari na afya ya akili ya vijana

Wanaoniuliza maswali haya ni wazazi, walezi, walimu na vijana wenyewe, ndiyo maana sauti zinabadilika kutoka swali hadi swali. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Kama hali uliyonayo ni ya hatari leo hii, acha mengine yote na ushuke hadi swali linalouliza ni wakati gani utafute daktari.

Kutafakari ni kufanya nini hasa?

Neno lenyewe linatuponza. Katika mazungumzo ya kila siku, kutafakari ni kulifikiria jambo kwa kina, kulipindua huku na huku. Hapa ni karibu kinyume chake. Unachagua kitu kimoja cha kushikilia, mara nyingi pumzi, kwa kuwa pumzi huwezi kuisahau nyumbani. Akili inatoroka. Unagundua imetoroka. Unairudisha bila kuigombeza. Basi, hakuna siri nyingine.

Wengi wanadhani lengo ni kuifanya akili iwe tupu kama ubao uliofutwa. Akili haifutiki, na kijana aliyeambiwa aifute ataondoka akiamini kwamba hata kukaa tu kumemshinda. Kugundua na kurudi ndilo zoezi lenyewe: aliyetoroka mara 40 akarudi mara 40 amefanya zoezi mara 40. Wengine hupendelea kuita taamuli. Mimi huwaambia vijana "tukae", na wananielewa.

Si upweke ndio unaowaumiza vijana? Mbona mnawaambia wakae peke yao?

Wahenga walisema upweke ni uvundo, na sina ubishi nao. Lakini lugha yetu ina maneno mawili hapa, na tofauti yake ndiyo kiini cha haya yote: upweke na faragha. Upweke unakujia, faragha unaiendea. Kijana anaweza kukaa katikati ya wenzake 30 akawa mpweke kupindukia, na mwingine akakaa nusu saa chini ya mti bila mtu akarudi ameshiba.

Mtafiti wa Marekani, Reed Larson, aliwahi kuwapa vijana vifaa vidogo vilivyolia kwa nyakati wasizozitarajia. Kila kikilia, kijana anaandika papo hapo: yuko na nani, anafanya nini, anajisikiaje. Wakiwa peke yao, wengi hawakuwa na raha sana. Ila wakirudi kwa watu, walikuwa na nafuu kuliko kabla. Na waliopata muda wa wastani wa kuwa peke yao walikuwa na hali nzuri kuliko waliokosa kabisa, na pia kuliko waliozidisha.

Kuna na jambo jingine ambalo mimi nalipa uzito zaidi. Mwaka 1958, Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika kwamba uwezo wa kukaa peke yako hujengwa utotoni, mtu mwingine akiwa karibu. Mama anaendelea na shughuli zake, mtoto anacheza pembeni, hakuna anayemsemesha mwenzake, na mtoto anajua kwamba akiita ataitikiwa. Faragha inayomfaa kijana aliyeyumba ina sura hiyo hiyo. Mlango umeegeshwa, haujafungwa kwa komeo, na upande wa pili yupo mtu.

Nitajuaje kama mwanangu anatafuta faragha au amejitenga?

Angalia anavyotoka, usiangalie anavyoingia. Anayetoka faraghani hutoka na kitu: njaa, mzaha, hata ubishi. Anayejitenga hutoka amechoka kuliko alivyoingia, au hatoki.

Halafu angalia vitu vidogo. Mpira aliokuwa haukosi umekaa chini ya kitanda wiki ya tatu. Mchana analala, usiku yuko macho. Marafiki wanampigia, naye anaiangalia simu ikilia mpaka ikate. Haogi. Anavaa mikono mirefu siku za joto. Ukiona mambo kama haya yameshikana na yamefika wiki 2, usiseme "ni umri tu". Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na wengi wao hawatambuliwi wala kutibiwa. Muulize, na umuulize mkiwa mnafanya jambo jingine, mkitembea au mkiosha vyombo. Vijana huongea kirahisi zaidi wasipotazamwa machoni.

Kwa nini dakika 5 tu za kimya zinanishinda?

Hukuzaliwa na kasoro. Mwaka 2014, Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha jaribio lililochekesha na kushtua. Watu waliwekwa peke yao kwenye chumba kwa dakika 15, bila simu, bila kitabu. Kilichokuwepo ni kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, shoti ambayo awali walikuwa wamesema wako tayari kulipa ili wasiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake ni 6 kati ya 24. Kwa hiyo ukikaa dakika 2 mkono ukaanza kuitafuta simu, uko na wenzako wengi.

Sawa, nianze vipi?

Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili zigusane na sakafu. Macho yaache wazi, yatazame chini hatua mbili mbele yako. Usirekebishe pumzi kwanza. Itafute tu ilipo. Kwa wengine iko puani, inaingia baridi kidogo na kutoka vuguvugu. Kwa wengine iko tumboni, shati linapanda na kushuka. Ukishaipata, kila unapotoa hewa hesabu moja: moja, mbili, tatu, mpaka kumi, kisha rudi kwenye moja.

Hutafika kumi. Utafika nne ukumbuke ujumbe ambao hujajibiwa. Utafika saba ukumbuke ulichoambiwa mbele ya darasa mwaka juzi, na uso utapata moto kana kwamba ni leo asubuhi. Hapo hapo, sema kimoyomoyo "nimeondoka", kisha anza moja. Usijiulize kwa nini umeondoka. Ukimaliza mizunguko mitatu, hata kama hukufika kumi, inuka. Usingoje mpaka uchoke, maana unachotaka kesho ukikumbuke ni kwamba ilikuwa fupi.

Dakika ngapi, mara ngapi?

Dakika 3 kila siku ni bora kuliko saa nzima Jumapili. Zifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya, kwa mfano baada ya kupiga mswaki. Baada ya mwezi ukizoea, ongeza hadi 10. Ukikosa siku 4, siku ya tano anza tu, hakuna deni.

Mwilini kunatokea nini?

Moyo huongeza mwendo kidogo unapovuta hewa na kuupunguza unapoitoa. Ukirefusha kutoa, ukafika kama pumzi 6 kwa dakika, neva ya vagasi inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi kifuani na tumboni inaupa mwili habari kwamba hatari imepita. Hiyo ndiyo sababu ya kuhesabu wakati wa kutoa na si wa kuvuta.

Kwa kijana kuna la ziada: sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kuzuia, huendelea kukomaa hadi kati ya miaka 20 na 30, ilhali sehemu zinazowaka kwa hofu na hasira zimeshapata nguvu zamani. Kumwambia "tulia" wakati amewaka ni kumwomba atumie chombo ambacho bado kinatengenezwa. Zoezi hufanywa siku za utulivu, ili siku ya moto mwili uwe unajua njia.

Mimi nikikaa kimya mawazo mabaya ndiyo yanazidi. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa na vijana kuliko yote, na mara nyingi wananiuliza kwa aibu, wakidhani wao tu ndio walioharibika. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukizima kelele za nje, za ndani zinasikika, na kama ndani kuna vurugu utasikia vurugu.

Kwanza tofautisha kuwaza na kucheua. Ng'ombe hula, akishalala chini anarudisha kile kile mdomoni na kukitafuna upya. Kwake ni afya. Kwa binadamu, kulitafuna tusi lile lile usiku wa tatu mfululizo ni njia ya moja kwa moja ya kuelekea sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, au kuizidisha kama ipo. Namna ya kutambua ni hii: wazo linalosonga lina kesho ndani yake ("nitamwambia mwalimu"), wazo la kucheua linazunguka pale pale ("kwa nini mimi kila mara?"). Ukigundua unacheua, usiendelee kukaa ukidhani unajitibu. Fumbua macho, simama, tembea. Taja vitu 5 unavyoviona, 4 unavyoweza kugusa, 3 unavyovisikia, 2 unavyovinusa, 1 unachokionja mdomoni. Vitaje kwa sauti kama unaweza. Mtu akikusikia mwambie unahesabu, basi.

Pili, libadilishe wazo jina. "Sifai" ni hukumu. "Limekuja lile wazo la kwamba sifai" ni taarifa, kama ya mtu anayetangaza basi limefika. Huna lazima ya kulipanda. Sitakudanganya kwamba maneno machache yataliondoa. Yatakupa nafasi ndogo kati yako na wazo, na nafasi hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Tatu, kama wazo lenyewe ni la kujidhuru au kufa, usilikalie peke yako hata dakika moja. Zungumza na mtu leo.

Je, kutafakari kunaweza kumdhuru mtu?

Ndiyo, na ninashangaa jinsi jambo hili linavyofichwa na wanaolipigia debe. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti wao wa mahojiano na watafakari wa Kibudha kuhusu magumu waliyopitia: hofu kali, kukosa usingizi, kuhisi mwili si wao, kumbukumbu za zamani kuibuka bila hodi. Wengi wa waliohojiwa walikuwa wakikaa kwa saa nyingi. Hata hivyo, kwa aliyepitia kiwewe, yaani tukio la kutisha lililomwachia jeraha moyoni, hata dakika 3 zinaweza kutosha kuamsha mambo.

Hili nililijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawaambia vijana wote wafumbe macho. Siku moja binti mmoja alifumba, na kabla sijamaliza sentensi ya pili mikono yake ikaanza kutetemeka juu ya magoti, akawa anavuta hewa kama aliyetoka majini. Baadaye alieleza kwamba kwake giza la macho lilikuwa giza la chumba fulani. Sikuwa nimemuuliza lolote kabla. Tangu hapo macho yanabaki wazi, mlango unabaki wazi, kila mtu anachagua anapokaa, na neno la kwanza ninalowafundisha ni "nimetosheka". Ukilisema, unainuka, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au aliyewahi kupoteza uhusiano na uhalisia, asianze bila daktari wake kujua. Kadhalika aliye katikati ya sonona kali: huyo msaidie kwanza alale, ale na atembee juani.

Utafiti unasema kunasaidia au la?

Inategemea nani, wapi na kwa namna gani. Mpango unaotajwa sana ulianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa watu wazima wenye maumivu sugu. Unachukua wiki 8. Kwa watu wazima ambao sonona huwarudia, mpango wa aina hiyo uliochanganywa na tiba ya mazungumzo umeonyesha kupunguza kurudi kwa ugonjwa.

Kwa vijana, picha ina mawingu. Uingereza walifanya jaribio kubwa lenye wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14. Shule nyingine wanafunzi walifundishwa kutafakari na walimu wao waliopata mafunzo, nyingine zikaendelea na masomo ya kawaida ya maadili na hisia. Matokeo yalitoka mwaka 2022: hakukuwa na tofauti ya maana. Wanafunzi wengi hawakufanya mazoezi nyumbani, wengi waliona somo linachosha, na kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya waliokuwa tayari na matatizo hawakunufaika, pengine hali yao ilizidi kuwa mbaya kidogo.

Wapo waliolisoma jaribio hilo wakatangaza kwamba kutafakari ni upuuzi. Mimi nalisoma tofauti. Ukimlazimisha mtoto wa miaka 12 akae kimya kati ya kipindi cha hesabu na cha historia, pamoja na wenzake 30 wanaomchungulia kama amefumba macho, hujampa faragha, umempa kipindi kingine. Kijana aliyekuja mwenyewe ni habari nyingine. Hata hivyo, siwezi kumwahidi mtu kwamba hii ni tiba. Ni msaada pembeni ya tiba.

Nikimfungia chumbani "akafikirie alichofanya", si ni faragha hiyo hiyo?

Hapana. Hiyo ni adhabu, na inamfundisha kwamba kuwa peke yake ni kutupwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu vijana walionyimwa uhuru wao zinakataza kumweka kijana kwenye kifungo cha upweke kama adhabu. Kama jambo hilo halifai gerezani, fikiria nyumbani.

Unaweza kuanza wewe mwenyewe. Kaa dakika zako 5 mahali anapokuona, usimwite. Wazazi hulalamika kwamba mtoto hataki kutulia, huku wao hawajawahi kuonekana wametulia.

Anatumia dawa alizoandikiwa. Sasa ameanza kutafakari, aache?

Asiache wala asipunguze bila daktari aliyemwandikia. Dawa nyingi za sonona zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, kisha familia hudhani ugonjwa umerudi. Fanya vyote viwili.

Hili si jambo la dini nyingine?

Mazoezi mengi yanayofundishwa leo asili yake ni Ubudha. Kusema vinginevyo ni kuficha. Lakini kujitenga kwa muda ili moyo utulie hakuna mwenyewe mmoja. Yesu alikwenda nyikani siku 40. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya wahyi kumjia, na itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, ya siku 10 za mwisho za Ramadhani ipo hadi leo. Kijana mwenye imani anaweza kushikilia dhikri au aya fupi mahali pa kuhesabu pumzi. Mradi asiambiwe kwamba sonona ni upungufu wa imani. Maneno hayo yamewafanya vijana wengi wanyamaze hali wanaumwa.

Programu za simu zinafaa?

Kwa kuanzia, sawa, sauti ya kukuongoza husaidia. Taabu ni kwamba chombo kinachokutuliza ndicho hicho hicho kinachokuita kila baada ya dakika. Pakua sauti, zima intaneti, igeuze simu uso chini. Na programu haiwezi kukuona ukitetemeka.

Nyumbani kwetu hakuna chumba cha mtu mmoja.

Faragha haihitaji chumba. Vijana wameniambia wanaipata bafuni kabla ya kumwaga maji, kwenye ngazi, wakifua nguo, wakitembea bila vipokea sauti masikioni. Mmoja alikubaliana na wadogo zake kwamba akijifunika kanga kichwani hayupo. Walimheshimu kwa muda wa wimbo mmoja hivi, na akasema ulimtosha.

Ni wakati gani niache haya yote nitafute daktari?

Leo hii, kama anazungumzia kufa, anaaga watu, anagawa vitu vyake, amejidhuru, anasikia sauti, au hajala wala kulala kwa siku kadhaa. Usimwache peke yake. Hapa faragha imekwisha. Ondoa karibu naye dawa, sumu na vitu vyenye makali. Nenda naye hospitali iliyo karibu, au piga simu ya dharura ya nchi uliko. Muulize wazi kabisa: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi anashusha pumzi, maana hatimaye kuna aliyelitaja.

Ndani ya wiki hii, kama huzuni au wasiwasi umefika wiki 2 na umeanza kumzuia kwenda shule, kula au kukutana na watu. Anza na daktari wa kawaida au mshauri nasaha ikiwa hakuna wa akili karibu.

Kila tukikaa pamoja mwanangu anasinzia. Tuanze upya?

Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na huyo huenda anapata 5. Mtafutie shuka, mwache alale.